Aliyechagua B

Saa tisa usiku, Porvenir.
Upepo unautikisa mlango wa mabati
kama mdai aliyechoshwa na ahadi.
Ndani, kaa wa jana wamelala kwenye makopo,
na Eduvina Mansilla, mlinzi wa zamu,
amevua glavu ya mkono mmoja tu,
ule wa kubonyezea.

Swali la sita.
Daktari ameandika robo gramu.
Kidonge kimoja kina miligramu mia na ishirini na tano.
Utampa mgonjwa vidonge vingapi?
A, viwili. B, ishirini. C, nusu.

Anapiga hesabu kwenye daftari la magari,
katika safu ya namba za usajili.
Anabonyeza B.

Alitarajia nyekundu.
Shuleni kwao nyekundu ndiyo iliyosema:
mkato wa wino juu ya karatasi,
halafu kimya, halafu kengele.
Badala yake yakaja maneno, polepole,
maana mtandao wa kisiwani nao hutambaa:

"Vidonge ishirini. Hebu vimimine kiganjani.
Vinaenea? Mgonjwa atavimeza kwa glasi ngapi za maji?
Nukta yako imeruka hatua moja.
Irudishe, ujaribu tena.
Hapa hakuna alama. Hakuna anayehesabu."

Eduvina akakitazama kiganja chake.
Akacheka peke yake,
nusu aibu, nusu ahueni.

Hajui, na zoezi halisemi,
kwamba sentensi hizo ziliandikwa Valdivia, mwezi wa mvua,
na Nélida Oyarzún, muuguzi mstaafu,
aliyelipwa kwa kila swali, wala si pesa ya kujivunia.
Jibu sahihi lilimchukua dakika moja.
Yasiyo sahihi yalimchukua wiki:
kila kosa alilizunguka kama nyumba,
akitafuta mlango ambao mtu mwenye akili zake
angeweza kuingilia.

B hakuitafuta.
B alikuwa nayo tangu ana miaka ishirini na miwili,
sinia mkononi, dozi mara kumi,
na mkuu wa wodi akampokonya mbele ya wagonjwa,
akamwita jina ambalo hajalisahau.
Alichosahau mkuu ni kumwonyesha wapi.
Mwaka mzima Nélida alijua amekosea
bila kujua amekosea nini.

Wahenga wetu walisema
kutenda kosa si kosa, kosa kurudia kosa.
Sawa. Lakini wahenga hawakugawanya desimali
saa tisa usiku,
baada ya kulifungulia geti lori la mwisho.
Eduvina alirudia.
Alichagua nusu. Akaambiwa:
"Umegawanya, vizuri, ila kichwa chini miguu juu.
Mgonjwa anahitaji zaidi ya kilichomo kidongeni, au pungufu?"
Namba zikabadilishwa. Akakosea.
Zikabadilishwa tena.
Akanyamaza. Akachora kidonge.
Akachora cha pili kando yake,
akakitia kivuli, kama mtu mwenye muda.

Mtihani upo, Ijumaa, na huo hauna simile.
Huo hautamuuliza nukta imerukia wapi.
Lakini Ijumaa iko ng'ambo ya mlango-bahari,
na feri haiji upepo ukiwa hivi.

"Sahihi," likasema zoezi.

Alidhani yameisha. Akaanza kuvaa glavu.
Mstari mmoja zaidi ukatambaa:
"Sasa nieleze kwa nini si ishirini."

Hapakuwa na kisanduku cha kuandikia.
Alitafuta juu, alitafuta chini.
Basi akasimama, akayageukia makopo,
maelfu ya kaa wasio na la kujibu,
akakohoa kidogo kusafisha koo,
akaanza:
"Kwa sababu nukta..."